Nyongeza za hatua nzima au za robo: ipi inafaa injini yako ya sataranji?

Hapa Lubumbashi, ukikaa na vijana wanaoandika injini zao za sataranji (programu za kompyuta zinazocheza mchezo huo), wawe wa Kitivo cha Politekniki pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au waliojifunza programu wenyewe kule Katuba na Kampemba, maongezi hayachukui muda kufika kwenye swali hili. Injini inafuata kanuni zote, alfa-beta yake (mbinu ya kuruka mifuatano ya miendo, yaani matawi, isiyoweza kubadili jibu) inakata matawi ipasavyo, lakini hesabu inakatika pale pale vita vinapochacha. Mdogo humgeukia mkubwa: "Yaya, niweke nyongeza za hatua nzima ao za robo?" Na mkubwa aliyekwisha pitia hayo hujibu kwa swali: "Mdogo wangu, injini yako inapunguza kina cha miendo ya mwisho, ao bado?"

Swali hilo la pili ndilo linaloamua. Nyongeza ni kuiruhusu injini itazame mbele zaidi kwenye tawi lenye hatari, kwa hatua nzima au kwa vipande vya robo; kupunguza kina ni kuitazama kwa ufupi miendo iliyo mwishoni mwa orodha yake. Msimamo wangu nauweka mapema. Injini ya kizamani, inayotafuta karibu kila mwendo kwa kina kilekile, inanufaika kweli na nyongeza za robo. Injini yenye upunguzaji mzuri wa kina ibaki na nyongeza nzima chache, na vipande vya hatua ivipeleke kwenye upunguzaji wenyewe. Sababu ziko kwenye hesabu, na hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi hata umeme ukiwa umekatika.

Tunaongeza nini, na kwa nini

Hatua ni mwendo mmoja wa upande mmoja. Kina ni idadi ya hatua ambazo injini imeruhusiwa kutazama mbele kabla ya kuingia kwenye utafutaji wa utulivu, yaani ule wa kula kete tu hadi ubao utulie, kisha kupima nani yuko juu. Tatizo la kina kisichobadilika lilielezwa vizuri na Hans Berliner katika miaka ya 1970, akaliita athari ya upeo. Chukua askofu wa Weusi aliyekula askari wa a2, kisha Weupe wakasukuma b3. Askofu amefungiwa na atakufa. Injini yenye kina kidogo inaona kifo hicho, kwa hiyo inatupa askari mmoja, kisha mwingine, ili Weupe washughulike kuwala na kifo cha askofu kisukumwe nje ya kina chake. Kwa macho yake askofu amepona. Kwenye ubao amepoteza askari wawili, na askofu bado anakwenda.

Kina cha utafutaji ni kama unite za simu: kila mwendo unakata kiasi fulani, zikiisha mazungumzo yanakatika hata kama mtu alikuwa hajamaliza neno. Nyongeza maana yake ni kwamba baadhi ya miendo inakata kidogo, au haikati kabisa. Miendo inayopewa heshima hiyo inajulikana: cheki, jibu la pekee (mfalme ana mwendo mmoja tu wa kujiokoa), kulipiza kete iliyoliwa sasa hivi kwenye mraba uleule, askari anayefika mstari wa saba, na tishio la chekimeti.

Hatua nzima: rahisi, ina uhakika, ina njaa

Kwa njia ya hatua nzima, mwendo wa cheki haukati kitu. Ulikuwa na kina 6, ukapiga cheki, unabaki na 6. Kwenye kodi ni mstari mmoja. Fruit ya Mfaransa Fabien Letouzey, ambayo kodi yake ilikuwa wazi hadi toleo la 2.1 mwaka 2005, ilihesabu hatua nzima tu, na ilizitisha injini nyingi zilizokuwa na mitambo tata kuliko yake. Anayetaka kujifunza asome ile kwanza.

Njia hii ina faida moja ambayo watu huisahau. Cheki isipokata kina, injini haiwezi kuingia kwenye utafutaji wa utulivu huku mfalme akiwa chini ya cheki, kwa sababu kabla ya cheki kina kilikuwa angalau 1 na baada ya cheki bado ni 1. Utafutaji wa utulivu unaruhusu upande usimame na kusema "nafasi yangu inatosha, sili kitu". Kusimama hivyo ukiwa chini ya cheki ni uongo, maana huenda hiyo cheki ni chekimeti. Hatua nzima inakukinga na uongo huo bila wewe kuandika neno la ziada.

Njaa yake ndiyo shida. Fuata tawi moja ambalo Weupe wanapiga cheki kila zamu na Weusi wanakimbia, ukiwa na kina 6. Kila cheki haikati kitu, kila kukimbia kunakata 1, basi tawi hilo linafika hatua 12. Ongeza nyongeza ya kulipiza juu yake: cheki ambayo pia ni kulipiza inaongeza hatua mbili kwa mwendo uliogharimu moja, na kina kinapanda badala ya kushuka. Hapo injini haitoki. Kwa hiyo sharti la kwanza, kwa njia yoyote utakayochagua, ni kwamba mwendo mmoja usipate nyongeza inayozidi hatua moja. Sharti la pili ni kuweka kikomo cha umbali kutoka kwenye mzizi (nafasi ambayo utafutaji ulianzia), kwa mfano nyongeza zikome tawi likifika mara mbili ya kina kilichoombwa.

Robo: kusubiri dalili ya pili

Wazo la sehemu za hatua ni la zamani. David Levy na wenzake walilichapisha mwaka 1989 kwa sura ya kupangia kila aina ya mwendo gharama yake. Injini ya Crafty ya Robert Hyatt ilikuwa na nyongeza za sehemu. Stockfish za mwanzo, zilizorithi kodi ya Glaurung ya Tord Romstad mwaka 2008, zilihesabu kina kwa nusu hatua. Na Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda Garry Kasparov 3.5 kwa 2.5 mwezi Mei 1997 kule New York, ilikwenda mbali zaidi: kila upande ulikuwa na akiba yake ya vipande, vikalimbikizwa na kulipwa baadaye vilipotosha, badala ya kulipwa papo hapo.

Kwenye kodi yako usitumie namba za desimali. Chagua kipimo cha ndani, kwa mfano hatua moja iwe vipande 4, na kina chote ukihesabu kwa vipande:

const int HATUA = 4;
int nyongeza = 0;
if (cheki) nyongeza += 3;
if (kulipiza) nyongeza += 2;
if (askari_wa_saba) nyongeza += 3;
if (nyongeza > HATUA) nyongeza = HATUA;
int kina_kipya = kina - HATUA + nyongeza;

Rudi sasa kwenye lile tawi la cheki mfululizo. Kina 6 ni vipande 24. Cheki yenye nyongeza ya robo tatu inakata kipande 1, kukimbia kunakata 4, jozi inakata 5. Jozi nne zinameza 20, zinabaki 4. Cheki ya tano inaacha 3, na injini inayoingia kwenye utulivu pale kina kinapokuwa chini ya hatua moja inasimama hapo, kwenye hatua ya 9. Ukiipa cheki nusu tu, jozi inakata 6 na tawi linaisha kwenye hatua ya 8. Basi ni 12, 9 na 8 kwa tawi lilelile. Katika injini ambayo kila hatua ya ziada inazidisha kazi karibu mara mbili, hatua tatu si jambo dogo, ingawa matawi ya cheki yenyewe ni membamba kwa vile mfalme ana pa kukimbilia pachache.

Upungufu wa urefu ndio unaoonekana kwanza, lakini faida kubwa iko kwingine. Chukua tawi lenye cheki moja tu kati ya miendo sita. Vipande 24, toa 1 ya cheki, toa 20 za miendo mitano mingine, zinabaki 3. Hazifikii hatua, injini inaingia kwenye utulivu. Cheki hiyo ya upweke haikununua kitu. Weka cheki mbili: 24 toa 2, toa 16, zinabaki 6, na hapo injini inapata mwendo mmoja zaidi. Au weka cheki moja na kulipiza mara moja: 24 toa 1, toa 2, toa 16, zinabaki 5, na tena mwendo mmoja zaidi. Kwa hiyo robo inaiambia injini isikurupuke kwa dalili moja, isubiri ya pili. Cheki nyingi kwenye sataranji ni za bure, zinamsogeza mfalme hatua moja na basi. Hatari halisi huja na dalili mbili tatu kwenye tawi moja, na hizo ndizo robo inazozilipa.

Mstari mmoja unaobadilisha kila kitu

Hesabu yote hiyo juu inategemea mstari wa kuingia kwenye utulivu. Ukiandika

if (kina < HATUA) return utulivu(alfa, beta);

basi mambo ni kama nilivyoeleza. Ukiandika badala yake

if (kina <= 0) return utulivu(alfa, beta);

vile vipande 3 vilivyobaki baada ya cheki moja vinatosha kupata mwendo mzima, kwa sababu 3 ni zaidi ya sifuri. Hata kipande 1 kingetosha. Yaani robo yoyote iliyobaki inapandishwa kuwa hatua kamili kwenye ncha ya tawi, na injini yako inakuwa na njaa karibu kama ile ya hatua nzima, huku mwenyewe ukiamini umebana matumizi. Ukisikia mtu anasema robo hazikumsaidia, omba kwanza kuuona mstari huo.

Halafu kuna ile kinga ya utulivu. Kwa robo imeondoka. Katika mfano wa hatua ya 9, tawi lilikatika mara baada ya cheki ya tano, mfalme akiwa hoi. Utafutaji wako wa utulivu lazima sasa ujue kuuliza: niko chini ya cheki? Ikiwa ndiyo, usisimame, toa miendo yote ya kujiokoa, si ya kula tu, na ikikosekana rudisha chekimeti. Asiyetaka kazi hiyo ana njia ya katikati ambayo naipenda: cheki ipewe hatua nzima, robo na nusu zibaki kwa kulipiza, kwa askari wa saba na kwa tishio la chekimeti.

Pale robo zinapodai malipo

Jedwali la hashi (kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha tafutwa) ndilo linaloumia kwanza. Nafasi moja hufikiwa kwa njia nyingi, na injini hutumia jibu lililohifadhiwa ikiwa lilitafutwa kwa kina kinachotosha. Kwa hatua nzima, njia mbili mara nyingi zinafika na kina sawasawa. Kwa robo, moja inafika na vipande 13, nyingine na 12, na jibu la 12 linakataliwa kwa upungufu wa kipande kimoja, kisha tawi zima linatafutwa upya. Ndiyo sababu sishauri kugawanya hatua kwa 16 au 32 upande wa nyongeza. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo nafasi zinavyokosa kulingana. Nne zinatosha. Wengine hulinganisha kwa hatua kamili tu, wakigawa kina kwa HATUA pande zote mbili, na kupokea jibu lenye upungufu mdogo. Ni biashara inayokubalika.

Kisha angalia ukubwa wa sehemu ya kuhifadhia kina kwenye jedwali hilo. Wengi huipa biti 8. Biti 8 zenye alama ya kuongeza na kutoa zinaishia 127, na kwa vipande 4 kwa hatua hiyo ni hatua 31 tu. Mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, injini inafika kina 32, namba inageuka kuwa hasi, na jedwali linaanza kutoa majibu ya ajabu katika nafasi ambazo mtoto angezishinda. Hitilafu hii haionekani kwenye mechi fupi. Weka biti 16 tangu siku ya kwanza.

Mengine ni ya kupitia kodi yote kwa subira. Kila mahali palipoandikwa "kina == 1" kwa ajili ya kupogoa (kuacha miendo isiyo na matumaini) karibu na ncha, pawe "kina < 2 * HATUA". Mwendo mtupu (kuruka zamu ili kuona kama nafasi bado inatosha) uliopunguza 2 sasa upunguze 2 * HATUA. Na kumbuka kwamba kwenye C kugawanya -1 kwa 4 kunatoa 0, lakini kusogeza biti mbili kulia kwa kawaida kunatoa -1. Chagua njia moja uishike.

Sehemu zilihamia upande wa kupunguza

Injini za leo hazitafuti kila mwendo kwa kina kilekile. Miendo iliyo mwishoni mwa orodha, ambayo haielekei kuwa na thamani, inapunguziwa hatua mbili, tatu au zaidi, na inarudishwa kwenye kina kamili ikileta mshangao. Hapo nyongeza za robo zinapoteza kazi yake kubwa. Kumpa mwendo nyongeza ya nusu hatua wakati jirani yake amepunguziwa hatua tatu kunabadilisha kidogo sana. Cheki inayoachwa bila kupunguzwa tayari imepewa zawadi.

Lakini vipande havikufa. Fomula iliyozoeleka kwenye injini nyingi huria huanza na 0.75, kisha huongeza zao la logi asilia ya kina na logi asilia ya namba ya mwendo, likiwa limegawanywa kwa 2.25. Kwa kina 8 na mwendo wa 10 unapata 2.88 hivi. Injini inayokata desimali hapo hapo inapunguza hatua 2 na kutupa karibu hatua nzima. Injini inayosubiri inaweza kuongeza vipande vingine kwanza: nafasi haiboreki, ongeza 0.4, jumla ni 3.28, punguza hatua 3. Mwendo huo una historia nzuri (umeshafaa kwingine kwenye utafutaji), toa 0.5, inarudi 2.78, punguza 2. Kila ushahidi unahesabiwa kabla ya kukata. Stockfish za siku hizi zinafanya hivyo hasa: upunguzaji unahesabiwa kwa sehemu za 1024 kwa hatua moja, na unagawanywa mwishoni kabisa. Na kwa kuwa sehemu hizo zinakatwa kabla ya kuunda kina kipya, jedwali la hashi linabaki na hatua kamili. Ile hasara ya vipande 13 dhidi ya 12 haipo.

Kwa upande wa nyongeza, injini hizo zinategemea zaidi nyongeza ya mwendo wa pekee, wazo lililozaliwa na kundi la kompyuta ya Deep Thought la Anantharaman, Campbell na Hsu mwishoni mwa miaka ya 1980. Injini inauliza: nikiuondoa mwendo huu bora, je, mingine yote inashuka chini ya kiwango fulani? Ikiwa ndiyo, mwendo huu hauna mbadala, na unastahili hatua nzima. Stockfish hutoa hata mbili au tatu pale tofauti inapokuwa kubwa. Nyongeza ya namna hiyo inatazama nafasi yenyewe, wakati cheki na kulipiza ni alama za nje tu.

Kupima ukiwa na laptop moja

Usipime kwa kina kilekile kwa pande zote mbili. Injini yenye nyongeza nyingi itaelekea kushinda, kwa sababu kwa "kina 8" inatafuta nodi (nafasi zinazotazamwa) nyingi kuliko mwenzake. Mafumbo ya mbinu nayo yanadanganya: nyongeza zinayafumbua haraka, kisha injini hiyohiyo inapoteza mechi kwa kukosa kina kwenye nafasi tulivu.

Wengi wetu hapa tunatumia laptop ya okazioni yenye betri iliyochoka, na umeme ukikatika prosesa inapunguza mwendo katikati ya mechi. Kupima kwa saa katika hali hiyo kunachanganya ubora wa injini na hali ya betri. Pima kwa idadi sawa ya nodi kwa kila mwendo. Nyongeza yenye njaa itajiadhibu yenyewe kwa kumaliza nodi zake mapema, na umeme ukirudi jioni unaendelea ulipoishia, matokeo yakiwa yaleyale. cutechess-cli, programu ya kuchezesha injini mechi, inaruhusu hilo bila shida.

Na uwe na subira na idadi ya mechi. Kwa mechi 1,000, ikiwa sare ni asilimia 40 hivi, kosa la kipimo ni karibu Elo 17 (Elo ni kipimo cha nguvu ya mchezaji) juu au chini. Kwa 10,000 ni karibu 5. Tofauti kati ya cheki ya robo tatu na cheki ya hatua nzima inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo 17, kwa hiyo ushindi wa 52 kwa 48 kwenye mechi mia haujasema kitu. Tumia jaribio la mfuatano, linalosimama lenyewe ushahidi ukitosha. Utaokoa usiku mwingi.

Basi uchague nini

Ikiwa injini yako ina alfa-beta, utulivu na jedwali la hashi tu, na unataka icheze vizuri kabla ya kuingia kwenye upunguzaji, chukua njia ya katikati: cheki hatua nzima, kulipiza nusu, askari wa saba robo tatu, kipimo cha 4, na mstari wa "kina < HATUA". Ikiwa unaandika kwa mara ya kwanza na hata mwendo mtupu hujaugusa, weka cheki ya hatua nzima peke yake na usonge mbele, ila kina kiandikwe kwa HATUA tangu mwanzo hata kama HATUA ni 1, ili siku ukibadili mawazo usilazimike kuifumua kodi yote. Na ikiwa tayari unapunguza miendo ya mwisho, ondoa kulipiza na askari wa saba kwenye nyongeza, pima kila uondoaji peke yake, kisha nguvu zako zipeleke kwenye nyongeza ya mwendo wa pekee na kwenye vipande vya upunguzaji. Kwa injini ya namna hiyo sioni sababu ya kuandika nyongeza ya robo hata moja.